Mtu Aliyelipa Ili Gari Lake Lishuke Bei

Siku mliponiaga pale garaje mlitaka niseme neno. Nikasimama, nikakohoa, nikakaa. Hotuba zilikuwa zimeshakuwa ndefu na bia ilikuwa inapata moto. Sasa nina nafasi. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka: vyeo vilichelewa, na mshahara mnaujua. Nitawaeleza jambo lililonikuta nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii hapa Kamina, wakati wa Wabelgiji, ambalo nikilikumbuka hata leo mwili unanisisimka. Ninyi mnaletewa magari kila siku: paka rangi, nataka kuuza. Mnapaka. Sikuwahi kuwasikia mkiuliza chochote zaidi ya rangi gani.

Niliingia garaje nikitokea reli, ambako nilikuwa nakwangua kutu kwenye mabehewa. Nilijiona fundi tayari. Mkubwa wangu alikuwa Tata Banza, mtu mfupi wa Bukama, aliyeanza kazi kwa kupaka meli za mto Lualaba kabla ya kuhamia magari. Kwenye kucha zake kulikuwa na kila rangi iliyowahi kuingia Kamina. Siku ya kwanza hakunipa bomba la rangi wala brashi. Alinipa ndoo ya maji, karatasi ya msasa na mlango wa gari uliong'olewa, akaniambia nisugue. Nikasugua mpaka jua likageuka upande wa pili wa stesheni. Nilipouliza tutapaka saa ngapi, hakuinua hata kichwa.

"Kupaka njo kazi ya mwisho," alisema, njo ikiwa ndiyo ya kwetu. "Hata mulevi anaweza kupaka. Weye sugua."

Kiangazi cha Kamina mnakijua, vumbi jekundu linaingia hata kwenye yai. Tata Banza alinifundisha kumwagia sakafu maji, kutundika magunia mabichi mlangoni, na kupaka asubuhi kabla upepo haujaamka. Alinifundisha pia kugonga. Unakunja kidole, unagonga bati kwa kifundo, unasikiliza. Bati, au toli kama tunavyosema sisi, likiwa zima linaitika. Palipojazwa mastiki, lile dongo la kuzibia mabonyeo, panakaa kimya.

"Toli inaimba," alisema. "Mastiki ni bubu. Sikiliza kabla ya kuangalia."

Mshangao wangu wa kwanza katika kazi hii ulikuja mapema. Mzungu mmoja wa serikali alikuwa anarudi kwao, na gari lake lilikuwa limechujuka kwa jua, basi. Mke wake akataka lipakwe upya lote ili liuzwe vizuri. Tulilipaka buluu. Niwaambie ukweli, sijaona tena buluu kama ile. Nilichana nywele zangu mbele ya mlango wake. Wakaja wanunuzi. Wa kwanza alifungua mlango, akaangalia kwenye bawaba, akainua ukingo wa mpira wa dirisha, akaona rangi ya zamani imejificha pale, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa. Akaenda zake. Wa pili alifanya hivyo hivyo. Mwishoni gari lile liliuzwa kwa bei ya chini kuliko jingine la umri ule ule, lililosimama pembeni yake limepauka kama mfupa. Nilichanganyikiwa. Nilidhani watu wale ni wagonjwa wa macho.

Tata Banza alicheka mpaka akakaa juu ya gurudumu.

"Kasongo, kwetu nani banamuvalishaka nguo mupya yote, kichwa mpaka miguu, siku moja?"

Nilifikiri. "Bwana arusi."

"Na maiti," akasema. "Bwana arusi, kila muntu anajua juu ya nini amevaa. Mutuka ya kuuza haina arusi. Muntu akiona rangi mupya, haone rangi. Anajiuliza kuko nini chini."

Ndivyo nilivyojifunza kanuni ambayo bado ni ya kweli. Gari lenye kidonda, tibu kidonda, changanya rangi ile ile, uache mengine na uzee wake. Kulipaka lote ni kwa yule anayebaki nalo. Anayeuza akilipaka lote anajipunguzia bei kwa pesa yake mwenyewe. Niliipokea kanuni hiyo kama mambo ya biashara tu.

Sasa nimfikie Danyeli. Danyeli alikuwa karani wa reli na mwimbishaji wa kwaya ya Wametodisti. Nyumba yake na ya Tata Banza zilitenganishwa na uzio wa matete. Tata Banza alikuwa Mkatoliki, lakini wale wawili walipokezana makaa, chumvi na habari kwa miaka. Danyeli alimwita yaya, mkubwa wake. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika avenue yetu kununua gari. Lilikuwa la kijani, kijani cha majani machanga ya muhogo, na Kamina nzima hapakuwa na jingine la rangi ile. Siku lilipofika watu walilipigia vigelegele kama limezaliwa.

Mtoto wa kwanza wa Tata Banza, Kalenga, alikuwa mwalimu katika shule ya mapadri, kijijini, kwenye njia ya kwenda Malemba-Nkulu. Likizo ikifika alirudi kwa baiskeli. Alikuwa kijana wa kicheko, na alipenda lile gari la jirani kuliko mwenyewe. Alikuwa analiosha bila kuombwa, anapiga mluzi, na Danyeli anamwambia: "Siku moja nitakuachia uendeshe." Mama yake akisikia anajibu kutoka jikoni kwamba kwanza aoe.

Jumatatu moja, tulipofungua garaje, tulimkuta Danyeli mlangoni na gari lake. Bati la juu ya gurudumu la kulia lilikuwa limebonyea, kioo cha taa hakipo. Juu ya kile kibonyeo mtu alikuwa amekwangua kwa kitu kama tofali mpaka chuma kikaonekana. Nilidhani alijaribu kujitengenezea mwenyewe.

"Nilipiga muti," Danyeli alisema.

Tata Banza alipitisha kiganja. "Iko kidogo. Natengeneza hapa tu. Nitachanganya hii kijani yako, hata mama yako hatajua."

"Hapana, yaya. Paka yote. Nyeusi."

"Nyeusi? Juu ya nini?"

"Nataka kuuza."

Tata Banza alimtazama. "Ukitaka kuuza njo usipake yote. Bantu bataona rangi mupya, batauliza: inaficha nini? Bei itaanguka."

"Najua."

"Unajua? Danyeli, weye unalipa juu mutuka yako ishuke bei?"

"Yaya, nakuomba. Paka tu."

Alisema vile kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Tata Banza akalipokea lile gari. Baadaye aliniambia labda ni mambo ya mke, au ndugu wanamwonea wivu rangi ile ya kijani. Kwa kuwa ni gari la rafiki, lile bati alilishika mwenyewe. Alilinyoosha kwa nyundo ya mti, akajaza mastiki kidogo kidogo, akasugua, akagonga, akasugua tena. Sijamwona akibembeleza kazi kama ile. Nyeusi ikapanda juu ya kijani, na kijani kikaisha.

Mkono wa mwisho wa rangi ulikuwa bado haujakauka alipoingia katekista mmoja mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Alivua kofia.

"Ni weye tata ya Kalenga?"

"Eyo vidye," akajibu Tata Banza, kwa heshima ya kwetu Baluba.

Katekista alisema yote mara moja, kama mtu anayetua mzigo. Wanawake waliokuwa wanakwenda shamba walimkuta Kalenga kwenye mfereji wa barabara, Jumapili asubuhi, ameshakufa. Baiskeli ilikuwa imejikunja pembeni. Ni gari lililomgonga, lakini gari la nani, hakuna aliyeliona. Mapadri walimzika pale misheni, joto halikuruhusu kungoja. Yeye mwenyewe alitumwa alete habari, alitembea kwa kuwa lori la misheni lilikuwa safarini, na njia ni ndefu.

Tata Banza alikuwa ameshika bomba la rangi, na hewa ilikuwa inatoka. Hakulia. Aligeuka akatoka nje nalo, mpira wa hewa ukimfuata nyuma, akaenda mpaka mpira ulipokaza na kumzuia. Akasimama pale pale katikati ya uwanja, anavuta, haelewi ni nini kinachomshika. Mimi nilikimbia kuzima mashine. Nilipomfikia alikuwa bado anavuta.

Matanga yalikuwa nyumbani kwake. Ile camion, lori la misheni, ilileta baadaye vitu vya marehemu: sanduku, kitanda cha kukunja, na ile baiskeli, wakaiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Watu walijaa mpaka barabarani. Jioni ya kwanza kwaya ya Wametodisti ilikuja kuwafariji Wakatoliki, na siku zile jambo hilo halikuwa dogo. Danyeli alisimama mbele yao, suti nyeusi, akainua mkono, wakaimba.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na ukuta wa jiko. Mtu wa rangi, macho yake yanakwenda kwenye rangi hata msibani. Usukani wa baiskeli ulikuwa umepinda, na kwenye chuma chake, chini ya matope makavu, niliona kijani. Kijani cha majani machanga ya muhogo.

 Nilijiambia ni majani kweli, ni nyasi. Nikainua macho na kumwona Tata Banza ananitazama kutoka kwenye mkeka wake, kisha anatazama ninachokitazama. Akainuka. Watu walimpisha wakidhani anakwenda nyuma ya nyumba. Aliinama mbele ya baiskeli, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akafuta matope. Akakaa ameinama vile. Nyuma yake Danyeli alikuwa ameanza ubeti mwingine, na sauti yake, naapa, ilikuwa nzuri.

Nilikuwa tayari kupiga kelele. Tata Banza alitikisa kichwa kidogo, kwangu mimi tu. Akarudi kwenye mkeka, akakaa, akasikiliza wimbo mpaka mwisho. Akawashukuru. Mpaka leo sijui mtu anapata wapi nguvu ya kukaa vile.

Kesho yake nilimuuliza kama twende polisi.

"Tuseme nini?" akajibu. "Kuko alama ya kijani kwa kinga, ile baiskeli ya mutoto? Ile mutuka iko nyeusi. Minyi njo niliipaka."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Alikuwa amefunika kifo cha mwanawe kwa mikono yake, na alikuwa amekifunika vizuri kwa sababu mwenye gari alikuwa rafiki.

Lakini gari halikuuzika. Walikuja askari wa base, ile kambi ya jeshi, akaja mfanyabiashara wa mahindi, akaja mwalimu mkuu wa shule fulani. Kila mmoja alilizunguka, akagonga. Pote paliimba, na lile bati la kulia likawa bubu. "Rangi mupya yote," walisema. "Kuko nini chini?" Danyeli alishusha bei, na kila aliposhusha walizidi kuogopa. Kama angetusikiliza, tukatibu kidonda tu na kuacha kijani chake, gari lingepakiwa treni wiki ile ile na tusingeliona tena. Badala yake lilikaa uani kwake, jeusi, linang'aa, na Tata Banza kila asubuhi aliponawa uso aliliona juu ya uzio.

Matanga yalipokwisha alirudi kazini. Siku moja akamwita Danyeli kupitia matete. "Leta ile mutuka garaje. Nyeusi njo inakukatalia bei. Nitairudisha kijani."

Danyeli alilileta asubuhi, amefurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Tata Banza akamwonyesha kiti.

"Kaa pale, uone kazi."

Akachukua ndoo na msasa, akaanza na bati la kulia. Alisugua bila haraka, kama alivyokuwa akinifundisha. Nyeusi ikatoka na maji kama wino. Ikaja rangi nyekundu ya chini. Ikaja mastiki, nyeupe. Danyeli alizungumza habari za mvua, kwamba mwaka huu imechelewa. Kisha akazungumza kidogo. Kisha akasogeza kiti nyuma. Tata Banza akaweka msasa, akachukua patasi, akaanza kubandua mastiki ile aliyoiweka mwenyewe. Vipande vilianguka sakafuni. Kibonyeo kikafunguka, chembamba, kirefu, na pembeni yake ukabaki utepe wa kijani.

"Danyeli," alisema, bado ameinama, "ule muti ulikuwa na gido?"

Gido ndio usukani wa baiskeli. Danyeli aliteleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti katika maji machafu.

"Yaya. Yaya wangu."

"Juu ya nini uliniletea minyi? Mikono yangu?"

"Garaje iko moja tu," Danyeli akasema akilia, na naamini lilikuwa jibu la kweli. Akataka kuendelea, na Tata Banza akainua kiganja.

"Usiniambie minyi. Utamwambia mama yake."

Alinawa mikono, akanawa tena. Tukatoka watatu, kwa miguu, mchana, watu wakitusalimia njiani.

Mama Kalenga alikuwa anachekecha unga wa muhogo mbele ya nyumba. Danyeli alipiga magoti mbali kidogo naye na akasema. Alikuwa ametoka kwenye harusi kijijini, na alikunywa, yeye mwimbishaji wa kanisa ambaye watu wote walijua hagusi pombe. Jua lilikuwa linazama. Hakuiona baiskeli mpaka ilipogonga. Alishuka, akaona ni Kalenga. Alikuwa anapumua. Alitaka kumbeba. Kisha akafikiria harufu ya pombe mdomoni mwake, kanisa, kazi ya reli. Akajiambia atakwenda kuita watu. Akaendesha mpaka Kamina, akaingia ndani, akafunga mlango.

Chekecheo lilikuwa limesimama mikononi mwa yule mama.

"Alisema kitu?"

"Mama, usiniulize ile."

"Mutoto wangu alisema kitu?"

Danyeli aliweka paji la uso ardhini. "Alisema: 'Tata Danyeli, ni weye? Asanti.' Alizani nilikuja kumusaidia."

Nilisikia mtu analia kwa sauti, kumbe ni mimi. Mama Kalenga hakulia. Alikuwa anatazama unga. Kisha akamgeukia mume wake.

"Mutoe hapa," alisema. "Mupeleke kwa polisi sasa, kabla kaka zangu basikie."

Tata Banza alimpeleka. Danyeli aliyasema yote tena pale, mwenyewe, wala hakupunguza. Akahukumiwa, akapanda treni ya Elisabethville kwenda gerezani, askari pembeni, na uongozi wa kwaya ukapewa mtu mwingine. Kaka za Mama Kalenga walikuwa wamefika jioni ya siku ile alipopelekwa polisi, wakiwa na mapanga, wakakuta uzio wa matete na nyumba ya Danyeli, mke wake analia peke yake. Tata Banza alikaa mlangoni kwa yule mwanamke mpaka wakaondoka.

Gari lilibaki kwetu, jeusi, bati moja uchi. Mama Ruti, mke wa Danyeli, alitaka liuzwe. Patro wetu, mwenye garaje, akaniamuru nilimalizie, nifunike lile bati. Tata Banza akasema, "Usiguse." Patro alimtazama, akaangalia gari, akarudi ofisini. Sikuwahi kumwona akishindwa namna ile.

Akaja mchuuzi wa samaki kutoka Malemba-Nkulu. Kabla hajagonga popote, Mama Ruti alimsimulia yote: nani aliuawa, wapi, na nani aliyeendesha. Nilingoja mtu yule akimbie. Nani atanunua gari la namna hii? Alilizunguka. Akagonga mlango, ukaimba. Akagonga upande wa nyuma, ukaimba. Alipofika kwenye bati lililo uchi hakugonga. Aliingiza kiganja chake katika kibonyeo, akakiacha pale kidogo.

"Nimeona mutuka mingi," akasema. "Hii njo moja balinionyesha yote."

Akalinunua kwa bei ambayo hakuna hata mmoja wa wale waliolitazama likiwa jeusi na zima aliyeifikia.  Mama Ruti alichukua fedha ile na kwenda nayo moja kwa moja upande wa pili wa uzio. Waliyozungumza wale wanawake wawili ni yao.

Mchuuzi alipokuwa anawasha gari, Tata Banza alimwambia angoje. Alitoka ndani na kopo la mafuta na kitambaa.

"Hapa toli iko wazi," alimwambia. "Mvua inakuja, itashika kutu. Paka mafuta hapa kila mara. Usisahau huku ndani, maji yanalalaka huku."

Kisha akamwonyesha. Alichovya kitambaa, akainama, akapaka lile bati lote, akaingia na kidole ndani ya kibonyeo, polepole, mpaka mwisho wake. Mimi nilishindwa kutazama, nikageukia ukuta. Nilimsikia tu akipiga bati kwa kiganja mara moja, kama tunavyomwambia dereva kwamba kazi imekwisha, na kusema:

"Enda muzuri."